Pini za Daftari la Wageni

Wambui na Joel,

Ijumaa nilipowakabidhi funguo za chumba cha chini mlinikatia keki, mkaniomba niseme maneno mawili. Nikasema asanteni, nikakaa. Mlidhani Mama Mwakio amezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maneno mengi, ila hayakuwa ya kusemwa mbele ya watu walioshika sahani. Nayaandika hapa, tena kwa Kiswahili, kwa sababu sisi watatu tunakijua, na kwa sababu binti yangu hapa Midrand akikuta karatasi hizi mezani atazisogeza tu aweke kikombe chake. Anasikia kila neno, lakini ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Habari za vyeo na mishahara zitafuteni ofisini. Ziko kwenye faili, na faili zenyewe nilizipanga mimi. Mimi nataka kuwaeleza habari ya daftari moja, lile jeusi la mazishi ya wageni, ambalo mmeniona nikilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Nilikuja Johannesburg nikimfuata mume wangu, ambaye benki yake ilimhamisha kutoka Nairobi. Kule nilikuwa karani wa maktaba. Hapa nikawa mke wa mtu wa benki, nikakaa nyumbani miezi mingi nikitazama ukuta wa estate. Siku moja baada ya ibada ikatangazwa kwamba kanisa la zamani pale Bertrams linatafuta mtu wa kusaidia kupanga vitabu vilivyotoka Durban. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Baadaye niligundua nilikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Vitabu vyenyewe mnavijua. Makanisa ya zamani ya pale bandarini yalikuwa yameanza kuliwa na unyevu, kuta hadi makabati, na mengine yalikuwa yamebaki na waumini wa kujaza benchi mbili. Wakubwa wakaamua madaftari yapandishwe Johannesburg, kwenye hewa kavu inayopasua midomo ya watu na kuponya karatasi. Yakaja kwenye masanduku ya ndizi: ubatizo, ndoa, mazishi, ya mabaharia, ya vibarua wa mashamba ya miwa, ya makuli wa gatini, ya mabwana wakubwa na wapishi wao. Siku ya kwanza nilishuka ngazi zile nikakuta masanduku yamefika hadi dirishani na chumba kizima kinanuka samaki.

"Siyo samaki," akasema mzee aliyekuwa ameketi katikati yake. "Ni gundi ya zamani. Utaizoea."

Sikuizoea. Mzee huyo alikuwa Baba Zondi, fundi wa kujalidi vitabu, aliyekuja na madaftari hayo kutoka Durban kwa sababu, alivyosema yeye, yasingejua kula bila yeye. Alinifundisha kazi yote. Tuliongea Kiingereza changu cha shule na Kizulu chake, tukikutana katikati, na hapa namwandika kwa Kiswahili ingawa hakujua hata neno moja la lugha hii. Jambo hilo mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Brashi laini ya kufagilia vumbi, kisu butu, kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa kukunjia karatasi, gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano kwenye sufuria ambayo mkewe alikuwa akiitafuta, na penseli. Kalamu ya wino haikuruhusiwa kushuka ngazi zile. Glavu nyeupe ambazo wageni hupenda kuzivaa wakipigwa picha alizicheka sana. "Nawa mikono, kausha, ushike," alisema. "Glavu inachana karatasi bila mwenyewe kuhisi." Siku za mechi uwanja wa Ellis Park ukijaa, goli likifungwa vumbi lilidondoka kutoka darini, nasi tulifunika meza na shuka tukasubiri kipenga cha mwisho. Umeme ukikatika tulisogeza meza dirishani. Ilikuwa kazi ya polepole, na niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: usihamishe kitu kabla hujaandika kilikuwa wapi. Ua lililokaushwa, tiketi ya treni, unywele, chochote utakachokikuta kati ya kurasa, kwanza andika namba ya ukurasa, ndipo ukiguse. Niliisikia kanuni hiyo kila siku mpaka nikaacha kuisikia.

Sasa daftari jeusi. Humo kasisi wa mwisho wa bandarini aliandika watu waliozikwa na kanisa kwa kukosa ndugu mjini. Wengi walikuwa vijana wetu, Watanzania, Wakongo, Warundi, waliolala karibu na gati wakisubiri meli ya kudandia, au waliolinda magari ufukweni. Sheria ilimtaka aandike jina lililo kwenye karatasi za marehemu. Na karatasi zenyewe, kama mnavyojua, mara nyingi zilikuwa za kununua. Kijana wa Kitanzania aliweza kuzikwa kama mtu wa Malawi, kwa jina la mtu ambaye pengine yuko hai na anauza nyanya Blantyre.

Kasisi alilijua hilo. Kila mazishi rafiki za marehemu walimnong'oneza kwamba huyu siye huyo. Basi akabuni utaratibu wake. Aliwapa kikaratasi na kalamu, akawaambia waandike wenyewe, kwa lugha yao, huyu ni nani hasa. Kisha akakibana kwa pini pembeni ya jina la uongo. Hakuweza kuvisoma. Alivihifadhi akiamini atatokea mtu atakayeweza. Alifariki kabla ya daftari kujaa, na kaburi la kila mtu likabaki na kigingi chenye namba ileile iliyo kwenye daftari.

Baba Zondi naye hakuweza kuvisoma. Kila alipofika kwenye kikaratasi alipuliza vumbi taratibu, akafunua ukurasa unaofuata, akaviacha vyote mahali vilipokuwa. Asiyejua lugha alivilinda. Aliyeijua ndiye aliyeviharibu.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Baba Zondi alikwenda kutolewa mtoto wa jicho, akaambiwa apumzike wiki mbili. Nikabaki peke yangu na daftari jeusi, nikaanza kusoma. "Huyu ni Saidi wa Tanga, seremala." "Huyu alikuwa mcheshi, msimsahau." Nililia pale mezani bila aibu. Miaka mitatu nilikuwa nikifagia vumbi la Kiingereza na Kiholanzi, na ghafla watu wa kwetu wananisemesha. Nikajiambia nitawatengenezea orodha nzuri, kwa mwandiko mzuri, Baba Zondi akirudi aikute mezani kama zawadi.

Pini nyingi zilikuwa na kutu, na kutu inakula karatasi, kwa hiyo kuzitoa ilikuwa kazi halali. Nilizichomoa zote siku nne mfululizo. Vikaratasi nikavitia katika bahasha moja safi, nikaandika juu yake "Vikaratasi vya Kiswahili". Namba za kurasa sikuziandika. Nilikuwa nikisoma kama mtu anayesoma barua za nyumbani, na mtu anayesoma barua ya nyumbani haandiki imetoka droo ipi. Kisha nikalibana daftari kwenye mashine ili kurasa zinyooke.

Baba Zondi aliporudi, jicho moja bado limefunikwa, nilimkalisha nikamwekea bahasha mbele. Akatoa kikaratasi kimoja, akakigeuza, akatazama nyuma yake.

"Hiki kimetoka ukurasa gani?"

"Humu humu, Baba. Vyote vimetoka humu."

"Nimekuuliza ukurasa, binti yangu."

Aliweka kikaratasi chini, akavua miwani. Angenitukana ningepata nafuu.

Hakunitukana. Kesho yake alileta kioo cha kukuzia tukaanza kurudisha. Kutu ilikuwa imetusaidia: kila pini ilikuwa imechora alama yake kwenye kikaratasi na kwenye ukurasa, na alama mbili zikilingana tulijua tumepata nyumba yake. Ilituchukua majira ya baridi yote. Nilijua kila alama kwa umbo lake, ile iliyopinda, ile iliyokatika. Kimoja baada ya kingine vilirudi, na mimi nikaanza kupumua.

Vikabaki vitatu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na mazishi matatu, na kwa ukurasa huo kasisi alikuwa amenunua pini mpya, zile zinazong'aa, zisizoshika kutu. Ziliacha matundu mawili tu, sawasawa kwa vyote vitatu. Vikaratasi vitatu, majina matatu ya uongo, makaburi matatu, na hakuna wa kusema kipi ni cha lipi. Hao ndio waliokuwa wamekufa karibuni zaidi. Mama zao pengine walikuwa bado hai.

"Andika," Baba Zondi akasema. "Hapo chini ya ukurasa, kwa penseli. Umefanya nini, na jina lako. Atakayekuja asidhani daftari ndilo lililosahau."

"Nitaandika kesho, Baba."

Wiki ile tulikuwa tukitembelewa na wakubwa kukagua kazi, nami nilitaka sana kubaki. Nikasema wakishaondoka. Wakaondoka. Nikasema mwezi ujao. Baba Zondi hakuniuliza tena, alidhani nimeandika, maana yeye angekuwa ameandika. Alistaafu akarudi kwao Umlazi, na nilipokwenda kumzika nilisimama kaburini nikifikiria nafasi ile tupu chini ya ukurasa. Hata hapo niliporudi Bertrams sikuandika. Nilitia bahasha kwenye droo yangu, vikaratasi vitatu ndani, nikafanya kazi miaka mingi mbele ya droo hiyo.

Mwaka juzi, Jumanne asubuhi, mlinzi akaniteremshia mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, kitenge kimepigwa pasi, mkoba wa plastiki mkononi. Alikuwa fundi cherehani kutoka Diepsloot, na alikuwa amebadilisha teksi mara mbili kufika.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia, maana alinizidi umri.

"Eh, asante, mama. Bananiambia hapa muko na buku ya bantu benye balikufia Durban. Ninatafuta mutoto wangu. Anaitwa Bahati. Kwetu ni Uvira."

Alinieleza bila haraka, nadhani alikuwa ameieleza milango mingi. Mwanawe alimpigia simu kila Jumapili, akisema anafanya kazi hotelini Durban. Simu zikakatika. Akaja mwenyewe Afrika Kusini kumtafuta, akabaki, akashona nguo za watu akitafuta. Juzi tu kanisani kwao mtu alimwambia kwamba aliwahi kusikia Bahati alizikwa na kasisi wa bandarini, kwa karatasi za mtu mwingine.

"Mi siombi kitu mingi," akasema. "Kaburi tu. Nijue njo hapa."

Sikuhitaji kufungua droo. Kikaratasi kile nilikijua kwa moyo: "Huyu ni Bahati wa Uvira. Karatasi si yake. Mama yake akija mwambieni hakuwa peke yake, tulikuwa naye."

Nikamwambia, "Nitaangalia, mama. Rudi Alhamisi."

Ndivyo nilivyosema. Nilimrudisha Diepsloot kwa teksi mbili kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kufungua droo iliyokuwa mbele ya magoti yangu.

Jumatano nilikaa na daftari limefunguliwa ukurasa wa mwisho. Niliweka kidole kwenye jina la katikati. Ningeweza kumwambia ni hili, nani angenipinga? Angepata kaburi, angelala. Mimi pia ningelala. Lakini kaburi hilo pengine ni la mwana wa mama mwingine, na siku mama huyo akija nitampa lipi? Nikaondoa kidole. Sikukiondoa kwa sababu mimi ni mtu mwema, Wambui. Nilikiondoa kwa sababu nilisikia sauti ikiniuliza ukurasa.

Alhamisi alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Nilimkalisha kwenye kiti cha Baba Zondi, nikamsomea kikaratasi. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliweka kiganja juu ya maneno yale, "tulikuwa naye", akafumba macho, akasema kitu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, ambacho sikukielewa.

"Basi kaburi ni ya ngapi?"

Nikamweleza yote. Kasisi, pini, bahasha, orodha yangu nzuri. Nilimwonyesha matundu mawili-mawili pembeni ya majina. Nilimwambia ni moja kati ya haya matatu, na kwamba hakuna anayejua lipi, na kwamba kabla yangu daftari lilikuwa linajua.

"Njo weye uliitosha?"

"Ni mimi niliyevitoa, mama."

"Na haukuandika?"

"Sikuandika."

Alisimama akapanda ngazi bila kuaga. Mkoba wake ukabaki kitini. Nilibaki nimekaa, na sikumfuata, kwa sababu sikuwa na haki ya kumfariji. Nilidhani nitampelekea mkoba Diepsloot na kutukanwa mbele ya majirani zake, na nilikuwa tayari. Baada ya muda nilisikia hatua zake zikishuka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Bale babiri bengine," akasema. "Ni banani?"

Nikamsomea. Mmoja wa Tanga. Mmoja wa Rumonge, Burundi, ambaye zaidi ya jina rafiki zake waliandika tu kwamba aliimba vizuri.

"Mama zabo banajua?"

"Hakuna aliyekuja, mama. Ni wewe tu."

Nilimweleza kwamba kufukua makaburi ili mifupa ipimwe kunahitaji kibali cha mahakama na ndugu wa wote watatu. Alikuwa ameshatikisa kichwa kabla sijamaliza. Akaniuliza basi la Durban linaondoka siku gani.

Tulikwenda pamoja. Njia nzima alikuwa na kitambaa magotini, kitenge cha bluu alichokuwa amekikata na kukipinda ukingo kwa ajili ya kaburi la mwanawe. Alikishona miaka mingi iliyopita, moyo ulipomwambia mwanawe hayupo tena, alisema, akakihifadhi sandukuni. Makaburini mtunzaji alitusomea namba, tukavipata vigingi vitatu kwenye mstari mmoja, nyasi zimefika magotini. Mama Bahati alisimama kwenye cha kwanza akaita, "Bahati." Akangoja. Akaenda cha pili akaita, akangoja. Cha tatu vilevile. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wake, na sijawahi kujichukia kama saa ile.

Kisha akaketi chini, akakamata ukingo wa kitenge kwa meno, akakipasua. Akakipasua tena. Mshono aliouhifadhi miaka yote hiyo uliachia mara moja. Akafunga kipande kwenye kila kigingi, akaomba, akiwataja wote watatu kwa majina yao ya kwao, hata yule wa Tanga ambaye pengine hakuwa wa dini yetu. Aliwaita wanangu.

Kwenye basi la kurudi hakunisemesha mpaka tulipokaribia Johannesburg. Akasema, "Sijakusamehe bado, mama. Nitakuambia siku ikifika." Nikamwambia sawa. Bado hajaniambia, na siku hizi tunapigiana simu kila Jumapili.

Tuliporudi nilifungua daftari nikachonga penseli. Chini ya ukurasa wa mwisho niliandika kwamba vikaratasi vitatu vya ukurasa huu nilivitoa mimi, kwamba sikuandika mahali vilipokuwa, na jina langu lote. Ni mistari mitatu. Niliikwepa miaka mingi, na kuiandika kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mama Bahati alikuwa amekaa kwenye kiti kile akinitazama.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Na miye uniandike."

Nikachukua kikaratasi, nikamwuliza niandike nini. Akafikiri.

"Andika: mama yabo alikuya."

Niliandika kama alivyosema, herufi kwa herufi, sikusahihisha kitu. Nyuma yake niliandika namba ya ukurasa. Akauliza pini iko wapi. Nilitaka kumweleza kwamba siku hizi hatutumii pini, kwamba tuna mifuko maalumu, nikaona anavyonitazama, nikafungua droo nikatoa moja ya zile zinazong'aa. Aliichoma mwenyewe, katikati ya majina matatu.

Mtakapofika ukurasa huo mtaikuta, na mafunzo yenu yote yatawaambia muitoe. Muiache.